London Mvua, Butiama Kimya

Programu ya kwanza kwenye orodha yake ilikuwa ya hali ya hewa, na ilipofunguka ilitangaza kwamba London kunanyesha. Msaili, mama wa makamo aliyesukuma miwani juu ya paji la uso, akaandika “Butiama” kwenye kisanduku cha kutafutia. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ukurasa mzima ukawa mweupe.

“Si umesema unatoka Butiama?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hujawahi kuandika Butiama humu?”

Hakuwahi. Video aliyojifunzia ilitumia London, naye akaiacha London ikae.

Kijana huyu simpi jina kwa sababu si mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa wengi, kipande cha huyu na kipande cha yule, nikamweka Butiama; angeweza kuwa wa Bunda, au wa Nyasho pale Musoma mjini, na kisa kisingebadilika sana. Alimaliza kidato cha sita, chuo kikashindikana kwa ada, akabaki nyumbani na laptopu ya mtumba aliyoletewa na kaka yake. Shule yake ilikuwa bando la usiku: anapakua video wakati wengine wamelala, kisha mchana anazitazama hadi chaji iishe au umeme ukatike, kimojawapo kitangulie. Alijifundisha kuandika msimbo wa programu: akaanza na HTML, akaja CSS, akaja JavaScript, akamalizia na React. Hakuwa na mwalimu wa kumuuliza wala mwenzake wa kubishana naye. Aliyewahi kujifundisha jambo gumu kwa namna hiyo anajua kuwa si mchezo, kwa hiyo naomba msomaji asimcheke mapema.

Kila video ilizaa programu, na kila programu ikaingia kwenye potifolio yake, yaani mkusanyiko wa kazi za kuwaonyesha waajiri, zikafika kumi na mbili. Palikuwa na kikokotoo, orodha ya mambo ya kufanya leo, kitafutio cha filamu, ukurasa unaofanana na Netflix kama pacha, na duka la viatu lisilouza kiatu, bei zake zikiwa za dola. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimeshakufa bila yeye kujua. Alizipandisha kwenye Heroku enzi kampuni hiyo inahifadhi programu za watu bure. Tarehe 28 Novemba 2022 huduma ya bure ikafungwa, na viungo vya wanafunzi wengi duniani vikabaki kuelekeza pasipo na kitu. Usaili ulikuwa mwanzoni mwa 2023, kwenye kampuni moja ya Mwanza. Kijana alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, akapanda haisi hadi Makutano, kisha basi la Mwanza linalopita Bunda na Lamadi, shati la usaili limekunjwa vizuri ndani ya begi. Njia nzima hakufungua hata kiungo kimoja kuona kama bado kinafanya kazi.

Msaili hakuwa mkali. Alimuuliza kwa nini bei za viatu ziko kwa dola. Somo lilikuwa hivyo. Kwa nini kitufe kiko kushoto? Somo. Akafungua msimbo wa ile programu ya hali ya hewa, akaona ufunguo wa huduma ya data umeandikwa wazi mbele ya macho ya dunia nzima.

“Huu ufunguo ni wako?”

“Ni wa bure, mama.”

Mama akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akampa kazi ndogo: programu hiyo hiyo, mtandao ukikatika, ionyeshe majibu ya mwisho iliyowahi kupata badala ya kugeuka nyeupe. Alimpa nusu saa. Kwa aliyeijenga programu ile kwa akili yake, nusu saa inatosha na kubaki. Kijana alitoa jasho, akafungua faili moja, akafunga, akafungua jingine. Kwenye video mtandao haukatiki.

“Hii ya hali ya hewa nimeiona mara nyingi mwezi huu,” mama akamwambia wakati wa kuagana. “Zinapishana rangi tu. Mwalimu wako anaweza, hilo nimeliona. Wewe sijui unaweza nini. Hivi kati ya hizi kumi na mbili, ipi ina mtu anayeitumia?”

Hapo ndipo usaili ulipoishia.

Wapo watakaosema kampuni ilimwonea, kwa kuwa kila mtu huanza kwa kuiga. Ni kweli, na kuiga si dhambi. Fundi cherehani anayejifunza hukata kwanza magazeti ya zamani, mkono ukosee bila hasara ya kitambaa. Lakini hajapata kulitundika gauni la gazeti mlangoni ili wateja waone kazi yake. Kosa la kijana lilikuwa kulitundika. Programu ya mazoezi ina kazi yake, nayo huisha siku mwanafunzi alipoelewa. Ikibaki kwenye potifolio baada ya hapo, inamshtaki: inasema mwenye nayo alipewa maamuzi yote yakiwa yamekwisha kufanywa.

Na maamuzi ndiyo anayoyanunua mwajiri. Mwenye shahada ana chuo cha kumdhamini, hata kama chuo hakimjui. Aliyejisomea ana potifolio tu, na ushindani wa ngazi ya chini si wa jana. Septemba 2019 Andela, kampuni iliyojengwa kwa kuwafunza vijana wa Lagos, Nairobi na Kampala na kuwaunganisha na waajiri wa Marekani, ilipunguza mamia ya watengeneza programu chipukizi kwa mpigo, ikieleza kwamba wateja wanataka wazoefu. Hao walikuwa wamechujwa, wamefunzwa na kulipwa. Wa Butiama anagonga mlango ule ule mikono mitupu, na anayemfungulia hana muda wa kukisia kilichomo kichwani mwake.

Kuna kejeli hapa ambayo siwezi kuipita. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hiyo hiyo, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Kati ya malalamiko yake, moja lilikuwa kwamba shule tulizorithi zinamtenga mwanafunzi na jamii yake, zikimwaminisha kwamba maarifa ya maana yako vitabuni na kwa wasomi, na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Kijana wetu hakuweza hata kumlaumu mkoloni. Hakuna aliyempangia mtaala. Aliuchagua mwenyewe, video baada ya video, na bado akajifunza kila kitu isipokuwa kilichokuwa mlangoni kwake. Kule kwao mtu akiuliza habari za mvua anauliza kwa sababu ana pamba au muhogo ardhini. Aliyetengeneza programu ya mvua hakuwahi kumuuliza hata mmoja.

Alirudi nyumbani ameumia, na maumivu yakamtupa upande wa pili. Sitakaa sana hapa, maana sehemu hii ya kisa inajulikana. Kwanza alitaka kuichora upya tovuti ya makumbusho ya Mwalimu, ambayo hakuna aliyemwomba. Kisha akaona hilo ni dogo, akaanza mfumo wa wilaya nzima: zahanati, shule, pamba, mifugo, malipo ya simu, vyote mahali pamoja, na nembo yenye twiga. Miezi minane ikaisha. Ukurasa wa kuingia ulipendeza mno, ila nyuma yake hapakuwa na pa kuingia. Angejua historia ya jirani zetu asingepotea hivyo. Ushahidi, jukwaa la Kenya ambalo baadaye lilitumika nchi nyingi, lilijengwa kwa siku chache Januari 2008, wakati Ory Okolloh alipotoa wito wa kupata ramani ya matukio ya vurugu zilizofuata uchaguzi, na watu kama David Kobia na Erik Hersman wakaitikia. Lilikuwa na ramani na njia ya kutuma taarifa, na hayo yalitosha, kwa sababu watu walikuwa wanayahitaji jioni ile ile.

Kilichomtoa kijana kwenye mfumo wa wilaya ni mashine ya kusaga ya mjomba wake. Alitumwa na mama yake kupeleka makopa, akakuta foleni, akasubiri. Akiwa pale akaona daftari la madeni, limevimba kwa unga, kurasa zimefutwafutwa kwa kalamu mbili za rangi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Mama hajambo?”

“Hajambo. Mjomba, nikutengenezee mfumo wa madeni?”

“Madeni ninayo tayari. Ninachokosa ni malipo.”

Watu wa foleni wakacheka, naye akacheka. Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa, akakaa kwenye gunia akitazama. Sina shaka kwamba siku hizo alizokaa bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo zilikuwa masomo bora kuliko video zote alizopakua. Aliona mjomba hawezi kushika simu, kwa kuwa mikono yake ni unga mtupu na simu yenyewe ni kitochi. Anayeandika ni binti yake, anayekaa mezani na simu janja yenye kioo kilichopasuka. Mtandao unakuja na kuondoka. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza, na huo ndio wakati wa kupatanisha hesabu, kwa hiyo mfumo unaotegemea mtandao au umeme utakosekana saa ile ile unapotakiwa. Mama Bhoke wako watatu: wa juu, wa barabarani, na yule mwenye mbuzi. Deni linaandikwa kwa debe, si kwa shilingi, kwa sababu bei ya kusaga hubadilika na mjomba hudai bei ya siku ya kulipa. Wengi hulipa baada ya mauzo ya pamba, wachache hulipa kwa kuku.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilimchukua muda kuligundua. Pembeni ya baadhi ya majina mjomba aliweka nukta ndogo. Kijana alidhani ni wino uliodondoka. Alipojumlisha madeni yote na kumwonyesha nani wa kudaiwa kwanza, mjomba alikunja uso, akamwita pembeni.

“Hao wenye nukta usiwaguse. Hao siwadai.”

“Hawalipi kabisa?”

“Wakipata watalipa. Wasipopata, wamekula.”

Walikuwa wajane, mzee mmoja mgonjwa, na mama aliyelea wajukuu peke yake. Wao wenyewe hawakujua kuwa wana nukta. Walijua tu kwamba mjomba ni mvumilivu.

Akatengeneza ukurasa mmoja, mwepesi, usio na picha. Kila kinachoandikwa kinahifadhiwa kwanza ndani ya simu ya binti, kisha kinatumwa kwenye seva mtandao ukirudi. Namba zote ni nzima, hakuna senti. Jina linakwenda na maelezo mafupi ili akina Mama Bhoke wasilipiane madeni. Na nukta aliipa nafasi yake: kisanduku kilichoandikwa “usimdai”, kikiwekwa alama, jina halitokei kwenye orodha ya wadaiwa. Si kazi ya kumtia mtu kizunguzungu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni angeiandika. Lakini kila sehemu yake ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na uso wa mtu. Msimu mzima wa pamba ukapita binti akiutumia, na daftari likawekwa juu ya kabati.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa tangazo la kozi. Wanaotoa ushauri kwa vijana huishia hapo kweli: tafuta tatizo la jirani yako, litatue, onyesha. Hawasemi kwamba kuchagua mradi ni kuchagua watu utakaowajibika kwao, na kwamba siku unapoonyesha kazi yako unawaonyesha na wao.

Sasa alikuwa na kitu cha kujivunia, na msaili wa Mwanza alikuwa ameuliza kama kuna anayekitumia. Akataka ithibitike. Akapandisha msimbo wote GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, wazi kwa kila mtu, pamoja na faili la hifadhidata kama lilivyo. Kwenye potifolio akaweka kiungo cha mfumo wenyewe ukiwa na orodha halisi: majina, namba za simu, madebe, shilingi, na kile kisanduku. Alifikiri majina ya kubuni yangefanya kazi ionekane ya kubuni. Ilikuwa tabia ile ile ya ufunguo wa hali ya hewa, ila safari hii ufunguo haukuwa wake.

Haikupita wiki mbili. Kijana mwingine wa Butiama, anayeishi Musoma na anayejifunza msimbo kama yeye, aliipitia kazi ya mwenzake kwa nia njema kabisa, akakuta jina la mama yake, na pembeni yake limeandikwa “usimdai”. Akapiga picha ya skrini, akawatumia ndugu kwenye kundi la familia, akiuliza nini hiki. Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye makundi ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Deni halikumwaibisha mama yule. Butiama nzima ina deni mashineni. Kilichomwaibisha ni ile huruma iliyoandikwa. Asubuhi alifika na noti mkononi, akahesabu mbele ya foleni deni lote mpaka la mwaka juzi, akamshukuru mjomba kwa adabu, akaondoka. Tangu siku hiyo makopa yake husagwa kwingine.

Kijana alifuta faili usiku ule ule, akadhani yamekwisha. Wanaotumia Git, mfumo ulio nyuma ya GitHub, wanajua kwa nini hayakuisha. Mfumo ule huhifadhi kila toleo lililopita. Ukifuta faili leo, la jana lipo, na mtu yeyote anaweza kurudi nyuma kulisoma. Ilibidi aandike upya historia nzima ya mradi, abadilishe nywila zote zilizokuwamo, na hata hapo nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudishwi na mtu. Tena Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Taarifa uliyopewa kwa ajili ya kusaga unga huna ruhusa ya kuigeuza ya kutafutia kazi bila mwenyewe kukubali. Hakuna aliyemshtaki. Nadhani hakuna aliyejua kwamba angeweza.

Mjomba hakufoka. Alilishusha daftari kutoka juu ya kabati, akalikung'uta vumbi.

“Hili daftari, mjomba, lina miaka mingi,” alisema. “Halijawahi kwenda Musoma.”

Binti akafuta programu kwenye simu yake. Mjomba alimwendea mama yule mara mbili kumwomba radhi; alipokewa vizuri, akapewa chai, na makopa hayakurudi.

Kilichofuata kilimtaka kijana ujasiri mkubwa kuliko React. Angeweza kuufuta mradi wote na kurudi kwenye London yake, ambako hakuna wa kuumia. Badala yake alizitoa zile programu kumi na mbili zote, akabakisha ukurasa mmoja wa madeni, ukiwa na watu wa kubuni na namba zisizopiga popote. Chini yake akaandika maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida: tatizo lilikuwa nini, kwa nini deni limehifadhiwa kwa debe, nini hutokea mtandao ukikatika, nini alikiacha kwa makusudi. Kisha akaeleza kilichovuja, namna alivyokizuia, na kwamba aliyetengenezewa mfumo ameacha kuutumia. Sehemu hiyo rafiki zake walimshauri aitoe. Wakamwambia hakuna mwajiri anayependa kusoma habari za mtu kuharibu.

Kazi aliipata mwaka uliofuata, na si Mwanza. Ni ofisi ndogo ya Musoma inayotengenezea shule binafsi mifumo ya ada na matokeo. Mshahara wa kuanzia ni wa kubana mkanda. Usaili ulichukua karibu saa nzima na hawakutoka nje ya ule ukurasa mmoja. Walimuuliza kama majina ya kubuni aliyatunga mwenyewe au aliyageuza kidogo yale ya kweli, na kama mtu wa Butiama akiyasoma anaweza kukisia nani ni nani. Walimtaka aongeze palepale njia ya binti kurekebisha kosa bila kufuta kilichoandikwa mwanzo, akaiongeza huku akieleza. Wakampinga mara mbili; mara moja akakubali, mara nyingine akabisha. Walimpa miezi mitatu ya majaribio, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita kwenye mfumo wa shule moja, ukurasa kwa ukurasa, akiorodhesha ni nani anaweza kuona kwamba mtoto wa nani hajalipiwa ada.